Kabla hujanisifia Wakanda, niambie maji wanachota wapi

#1 Penseli Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Halafu nitagusa mwisho wa vitabu na filamu kadhaa, asije mtu akanilaumu kwamba nimemmalizia utamu.

Mimi nachora. Kinachonilisha ni mabango ya maduka na vibao vya "Tahadhari, mbwa mkali", ila kwa miaka kama mitatu nimekuwa na daftari la hadithi ya picha, Dar es Salaam ya mwaka 2160. Maghorofa yana umbo la mbuyu. Daraja la kioo linakwenda Kigamboni. Vyombo vinaruka vikiwa na misemo ubavuni kama khanga, na juu ya yote kuna malkia mwenye taji la shaba. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mwishoni mwa 2022, mto Ruvu unaotupa maji Dar umepungua na mgao wa maji umetukaba koo, mama alikuja kwangu na madumu mawili ya njano, matupu. Tukawa tunasubiri zamu yetu kwenye kisima cha jirani. Akaliokota daftari, akapekua, akakaa sana kwenye ukurasa wa mji mzima, ule ulionitoa jasho wiki mbili. Akasema, "Pazuri. Wanachota wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia mama, huo ni mwaka 2160, maji yapo. Akaniuliza, "Yapo wapi? Sioni hata mtu mmoja kabeba." Akafunga daftari, akatoka kwenda kupanga madumu.

Tangu siku hiyo nimerudia filamu na vitabu vya watu weusi vinavyobuni ulimwengu, kimoja baada ya kingine, natafuta ndoo. Hoja yangu ndiyo hii, nipingeni: ukitaka kuijua siasa ya dunia ya kubuni, achana na kiti cha enzi, mtafute mtu ambaye asipoamka asubuhi mji unakufa na hakuna anayejua jina lake. Mwandishi aliyemfikiria huyo, dunia yake inasimama. Ambaye hakumfikiria kachora bango, kama mimi.

Nianze na Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Afrika kwenye filamu ya Black Panther, maana najua ndiko mnakonisubiri na mawe.

Black Panther ya 2018 ni kazi ya mikono haswa. Ruth Carter alichukua Oscar ya mavazi, Hannah Beachler akachukua ya mandhari, na walistahili. Beachler alitayarisha kitabu cha kurasa 500 na ushei kuielezea nchi hiyo kwa ajili ya timu tu. Blanketi za Basotho zipo, udongo mwekundu wa Wahimba upo. Na nguo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba nchi yenye treni zinazoelea hewani inampata kiongozi wake kwa watu wawili kupigana kwenye maporomoko, na karani wa uchaguzi hakuna hata mmoja. Utajiri wote ni madini ya aina moja. Kabila la wachimbaji lina mzee wake barazani, yule mama mwenye nywele zilizopakwa udongo. Sawa. Lakini mchimbaji anayeshuka shimoni tunamjua jina? Sisi watu wa nchi za migodi ndio tulipaswa kushtuka wa kwanza. Nenda Geita, nenda Mererani, vuka mpaka hadi Kolwezi kule Kongo, uulize mali ya chini ya ardhi inapandaje juu na mgongo wa nani unaipandisha. Na maji ya Wakanda mazuri kweli, ila ninayoyakumbuka ni yale ya kupigania ufalme.

Sasa weka pembeni yake filamu ya Pumzi ya Wanuri Kahiu, Kenya, 2009. Haifiki hata nusu saa. Vita vya Tatu vya Dunia vimepita, vita vya maji, na watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa liitwalo Maitu. Huonyeshwi mfalme. Unaonyeshwa mkojo wa Asha, mhusika mkuu, unachujwa uwe maji ya kunywa, unaonyeshwa anafuta jasho kisha analikamua kwenye chupa, tone kwa tone. Umeme unatoka kwa watu wanaokimbia juu ya mashine, na ukikosea unapelekwa huko huko ukakimbie. Ukiota ndoto kuna dawa ya kuizima, na kuimeza ni amri. Asha anapokea udongo wenye unyevu, anaomba ruhusa ya kwenda kuutafuta ulikotoka, baraza linamkatalia kwenye skrini bila hata kumfungulia mdomo. Na anayemsaidia kutoroka ni nani? Mwanamke anayesafisha maliwato, yule aliyewahi kugawiwa maji na Asha. Hapo nilizima simu, nikatembea kidogo uani.

Halafu kuna Octavia Butler, mwandishi mweusi wa Marekani. Parable of the Sower ilitoka 1993 na kisa kinaanza Julai 2024. Watu mitandaoni wanamsifu kwa sababu kitabu kilichofuata, cha 1998, kina mgombea urais mwenye kaulimbiu ya kuirudishia Marekani ukuu wake, na kweli ukisoma leo nywele zinasimama. Mimi naona kaulimbiu yeyote anaweza kuibahatisha. Kinachonitisha ni bei. Maji ni ghali kuliko petroli, mara kadhaa. Polisi wanakuja kwa malipo. Aliyeoga akatakata anaonekana anaringa, anajitafutia balaa, kwa hiyo watu wanatembea na uchafu kwa makusudi. Vituo vya maji vya barabarani ndiko kwenye kuviziana, maana anayeingia ana hela na anayetoka ana maji. Na kuna mji wa pwani, Olivar, unaojiuza kwa kampuni: kampuni italeta ulinzi na mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, wenyeji watafanya kazi kwa ujira kiduchu. Ukishamaliza hapo huhitaji kuambiwa nani anatawala.

Jicho hilo alilitoa wapi? Mama yake alifanya kazi za ndani huko California, na Butler mdogo alimwona akiingia kwenye nyumba za matajiri kwa mlango wa nyuma. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma ndiye anayejua bomba limepita wapi.

Haya, karibuni. Matusi kidogo yanaruhusiwa.

#2 Kijiti

Nimesoma nusu. Navuta kigoda, nasubiri wenye nondo.

#3 Fundi Redio

Kwa hiyo tukichora katuni vizuri maji yatatoka bombani? Naomba kujua nianze lini kuchora, huku kwetu siku ya tisa leo.

#4 Chumvi ya Kilindini

Penseli, umenena vizuri, ila umetia samaki wa bahari na wa ziwa kwenye kikapu kimoja.

Neno Afrofuturizimu, yaani kazi za kubuni za watu weusi kuhusu kesho yao, lilibuniwa 1993 na mwandishi mzungu, Mark Dery, akizungumzia watu weusi wa Marekani: watu walioporwa historia yao watawezaje kuota kesho yao? Swali zuri, lakini ni la kule. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alichoka kubandikwa jina hilo, akaleta lake, Afrikanfuturizimu, akaliandika kama neno moja. Na mfano alioutumia kutofautisha ni hiyo hiyo Wakanda yako. Wakanda inapoamua kujitokeza duniani, kituo chake cha kwanza inakijenga Oakland, California. Akasema, katika mtazamo wake kituo hicho kingejengwa nchi jirani ya Afrika.

Wewe fikiria, jirani. Ramani za Marvel, kampuni yenye hadithi hiyo, zinaiweka Wakanda huku huku Afrika Mashariki. Miaka yote hiyo majirani wanakufa kwa malaria na vita, wao wamejifunika pazia. Siasa ya Wakanda kwangu iko hapo, mpakani, kabla hujafika kwenye mchimbaji wako.

Kuhusu Pumzi nikuongezee moja. Maitu kwa Kikuyu ni mama. Mwanzoni kabisa filamu inalipasua neno vipande viwili na kulipa maana ya "ukweli wetu". Sasa rudi uangalie: jengo linaloitwa Mama, linawanyima watoto wake ndoto. Mnayoita madumu sisi ni mitungi, na Nairobi mkokoteni wa mitungi ukipita asubuhi hakuna anayehitaji kueleziwa hiyo filamu.

#5 Theluji ya Kwetu

Kaka Penseli, nakuheshimu, lakini hapana.

Mimi ndiye huyo unayemtafuta kwenye filamu. Niko Minnesota mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni kulea wazee. Naingia saa tano usiku, natoka saa moja asubuhi. Nawageuza vitandani wasitoke vidonda, nabadilisha mashuka, namwaga vyombo. Ndoo unazozisaka mimi nazijua kwa uzito.

Ile 2018 nilitoka kazini, sikulala, nikawavalisha wanangu vitenge tukaenda sinema. Foleni ilikuwa ya kina mama kama mimi, Wasomali, Waliberia, Wamarekani weusi, watu wamependeza kama Idi. Unadhani nilitaka kumwona mwenzangu na deki? Nilitaka kumwona Shuri kwenye maabara yake, anamcheka kaka yake mfalme. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Njiani kurudi hakuongelea mfalme wala vita, aliongelea maabara tu.

Mtu mweusi kapewa ndoo kwenye sinema tangu sinema zianze. Siku tunapewa maabara, wewe unafika mlangoni kuuliza nani anaideki.

#6 Penseli Butu

Dada Theluji, hapo umenipiga na nimekaa chini.

Nakupa haki yako. Ila niulize kitu kimoja kwa adabu. Hiyo maabara ya Shuri ingepungua nini kama mwenye deki naye angekuwa na neno moja, akamwambia "binti, usikanyage, bado pabichi"? Mimi ningecheka sinema nzima. Asha wa Pumzi naye ni mwanamke wa maabara, na aliyemtoa ni mwenye maliwato. Nilikuwa nadhani lazima nichague mmoja.

#7 Karani Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Mnazungumza kana kwamba mambo haya yameanza na sinema.

Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Nchi inayoelea angani! Chombo cha kurukia hakuna, mtambo hakuna, ila Kusadikika iko huko juu na ina mfalme, mawaziri na gereza. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha sheria. Waziri Majivuno anataka auawe. Na Karama, badala ya kuomba huruma, anawasimulia wenye baraza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, kila mmoja akarudi na mawazo ya kuifaa nchi, na kila mmoja akatupwa kifungoni. Mwandishi wake alikuwa karani katika serikali ya kikoloni. Mchana ananakili barua za bwana mkubwa, usiku anaandika nchi inayofunga kila anayerudi na habari. Mimi nimefanya ukarani miaka thelathini, najua jinsi kalamu ile ile inavyoweza kutumikia mabwana wawili.

Sasa Penseli, kipimo chako cha maji kinakwama hapa. Kusadikika haina kisima, haina mfereji, hujui watu wanakula nini. Ukiipima kwa ndoo inaanguka. Lakini siasa yake ilichoma, na bado inachoma. Shaaban aliwacha nyumba bila jikoni ili umtazame hakimu. Kwa hiyo usifanye swali la mama yako kuwa sheria.

Ila kuna mahali mama yako angefurahi. W. E. B. Du Bois, msomi yule wa Marekani, aliandika hadithi fupi mwaka 1920, The Comet. Tarishi mweusi wa benki jijini New York anatumwa kushuka kwenye ghala za chini kabisa kwa sababu huko ni hatari mno kwa watu wenye thamani zaidi. Akiwa chini, mkia wa kimondo unapita juu na sumu yake inaua mji mzima. Yeye anapona kwa sababu ya ile ile kazi ya kudharauliwa. Anapanda juu, njaa imemshika, anaingia hoteli ya kifahari kati ya maiti, anajitwalia chakula, na anakumbuka kwamba jana tu wasingemhudumia. Baadaye anampata mwanamke mzungu, tajiri, aliyenusurika, na kwa saa chache rangi inakosa maana, kwa kuwa hakuna wa kuilinda. Kisha baba yake yule mwanamke anatokea na wenzake. Kumbe ni New York tu iliyokufa. Dunia iliyobaki ipo salama, na kimya kimya kila kitu kinarudi mahali pake.

Kwa wenye kutaka cha Kiswahili zaidi, mtafuteni Katama Mkangi wa Kenya, Walenisi, 1995. Mtu amehukumiwa kufa, anarushwa kwa chombo, anafika sayari ya watu walio sawa. Soma jina la sayari polepole: wale ni sisi. Mwandishi alishawekwa kizuizini enzi za Moi, kwa hiyo habari za kuhukumiwa hakuzisikia redioni.

#8 Kijiti

Mzee Karani, shikamoo. Kigoda nimeacha, nimekaa mkekani.

#9 Pweza Mkavu

Nitaleta moja tu, maana hii hainitoki.

N. K. Jemisin, mwandishi wa kwanza mweusi kupata tuzo ya Hugo ya riwaya, ile tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi, kisha akaipata miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Dunia ya riwaya zake hizo tatu inatetemeka kila mara. Wapo watu waliozaliwa na kipaji cha kuituliza ardhi, na hao ndio wanaochukiwa kuliko wote. Wana tusi lao, na wakigundulika utotoni huenda mzazi mwenyewe akawaua. Mji mkuu unakaa salama kwa sababu kuna vituo vya kutuliza mitetemo vimesambazwa nchi nzima. Unasoma kurasa na kurasa ukidhani kazi ya kituo ni kazi ya kuchosha tu, kama ulinzi wa zamu ya usiku.

Halafu mlango unafunguliwa. Juu ya kiti cha nyaya kuna mtoto. Ubongo wake umekatwa sehemu, amelazwa usingizi usioisha, ana mirija, na mwili wake unatuliza ardhi wenyewe bila yeye kuamka. Kila kituo kina wa kwake.

Mfalme wa dunia hiyo simkumbuki hata jina. Penseli, nadhani mama yako ana hoja. Mzee Karani, samahani.

#10 Chumvi ya Kilindini

Mmesahau wachongaji. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi 1972. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina mashubaka manne mbele, ukutani, yalijengwa kuwekwa sanamu na yakakaa matupu tangu 1902. Mwaka 2019 yeye akawa wa kwanza kuyajaza. Akaweka wanawake wanne wa shaba, wameketi au wamepiga magoti, wamejiviringishia mavazi kama nyoka aliyejikunja, vichwani wana visahani ving'aavyo, mmoja mdomoni, mwingine kwenye paji la uso. Jua likipiga vinarudisha mwanga barabarani. Hujui kama wametoka zamani au wameshuka kutoka sayari nyingine.

Sasa sikia. Sanaa ya Ulaya na ya Afrika zote zina wanawake wanaobeba. Kule wamesimama chini ya paa la hekalu. Huku kwetu kuna viti vya wakubwa wa Waluba wa Kongo, mwanamke kapiga magoti na kiti kiko kichwani. Mutu alikuwa anawajibu hao. Wa kwake hawajabeba kitu. Jengo lipo juu yao, wao wametulia tu.

Dada Theluji, mimi nikiwaona hao nakuona wewe saa moja na nusu asubuhi, umefika kwako, umevua viatu.

#11 Theluji ya Kwetu

Chumvi, umenitoa machozi nikiwa kwenye basi na watu wananiangalia.

Lakini mpango wa viatu siyo saa moja na nusu. Saa moja na nusu nawapeleka watoto shule.

#12 Penseli Butu

Nimekaa kimya siku nne, msidhani nimekimbia.

Nimeuchora upya ule ukurasa. Malkia nimemwacha lakini amekuwa mdogo, yuko pembeni juu, ukimtafuta utamwona. Maghorofa ya mbuyu yamebaki, ila nimekumbuka kwamba mbuyu wenyewe hutunza maji shinani, kwa hiyo sasa kila jengo ni tangi na kila tangi lina mlango mmoja chini na foleni yake. Foleni ndiyo ilinichukua muda. Ilinibidi niamue nani yuko mbele, nani ana kadi, nani anarudishwa, mwenye ufunguo kaajiriwa na nani. Kufika hapo nikagundua nina hadithi, na kwa miaka mitatu sikuwa nayo. Kwenye ghorofa ya kumi nimeweka maabara, na mlangoni mwake kuna mwanamke wa makamo kavua viatu, kakaa. Hafanyi chochote.

Mzee Karani, nimekusikia pia. Ukurasa wa baraza nimeuacha mtupu kabisa, meza na mshtakiwa basi.

Jana mama amekuja, nikampa daftari bila kusema kitu. Akavaa miwani. Akapitisha kidole kwenye foleni, mtu mmoja mmoja, kama anahesabu waliomtangulia. Kidole kikasimama kwa msichana mwenye dumu kichwani.

"Huyu dumu lake halina mfuniko," akasema. "Atafika nyumbani na nusu."

#13 Fundi Redio

Weka picha mkuu. Na huo mfuniko uuchore.